Uadilifu wa Baraza: Funzo Kutoka Dagahaley

Mahali pa kuweka mfereji wa maji huonekana kuwa ni suala la fundi na vipimo vyake. Lakini mama anayerudi nyumbani na dumu la lita 20 anajua kwamba suala hilo lilikuwa la baraza kabla halijawa la fundi. Mfereji ukiwekwa karibu na duka la mzee mashuhuri, wako watakaotembea hatua chache na wako watakaotembea nusu saa. Choo kikijengwa bila mlango wa kufungika kwa ndani, mwanamume huenda asilitie maanani, ilhali binti wa miaka 14 atangoja giza liingie ndipo akiendee. Kwa hiyo swali la nani aliketi pale uamuzi ulipotolewa haliwahusu wanasiasa peke yao. Linagusa maji, chakula, usalama na sitara ya familia.

Wiki hii, ndugu msomaji, tunalitazama swali hilo kutoka Dagahaley, kambi ya wakimbizi iliyoko katika Kaunti ya Garissa. Jina lenyewe kwa Kisomali lina maana ya mahali penye mawe. Dagahaley, Ifo na Hagadera ndizo kambi tatu za mwanzo za Dadaab. Zilifunguliwa mwaka 1991 na 1992, vita vilipoivunja Serikali ya Somalia, na kwa jumla zilikusudiwa watu 90,000. Mwaka 2011, ukame na njaa vilipowasukuma maelfu kuvuka mpaka, wakazi wa Dadaab walizidi 460,000. Leo Dagahaley peke yake ina zaidi ya watu 100,000, idadi inayoishinda miji mingi ya mwambao wetu. Hata hivyo, mkimbizi hapigi kura katika uchaguzi wa Kenya. Hana diwani wala mbunge aliyemchagua. Basi mji mkubwa kama huo huamuaje mambo yake?

Viti viwili kwa kila mtaa

Kwa miaka mingi utaratibu umekuwa huu: kila mtaa wa kambi, unaoitwa bloki, huchagua viongozi wawili, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Ngazi hupanda hivyo hivyo hadi kambi nzima, ambayo ina mwenyekiti wa kiume na mwenyekiti wa kike. Hawalipwi mshahara. Kazi yao ni kuwasikiliza majirani, kusuluhisha ugomvi, na kufikisha malalamiko mbele ya Serikali na mashirika ya misaada.

Utaratibu huo una historia yake. Wakimbizi walipofika miaka ya mwanzo walikuja na wazee wa koo zao, na wazee hao ndio waliozungumza kwa niaba ya wote. Katika miaka ya 1990 wanawake wa Dadaab walikuwa wakivamiwa na kubakwa na majambazi walipokwenda porini kutafuta kuni. Mpishi hawezi kuinjika chungu bila kuni, na aliyekwenda kuzitafuta alikuwa mwanamke, lakini aliyezungumza barazani alikuwa mwanamume. Mwishoni mwa miaka hiyo ulianzishwa mradi wa kugawa kuni ili kupunguza safari za porini. Kisha mwaka 2001 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) likatoa ahadi tano kwa wanawake wakimbizi duniani kote. Mojawapo ilikuwa kwamba nusu ya wawakilishi katika kamati za uongozi wa kambi wawe wanawake. Nyingine ilitaka wanawake washirikishwe katika usimamizi na ugawaji wa chakula.

Kwa jamii iliyozoea kwamba mambo ya ukoo huzungumzwa na wanaume chini ya mti, viti hivyo viwili vilikuwa mabadiliko makubwa. Mama aliyenyang'anywa kadi ya chakula, au msichana anayetaka kuozwa kabla ya umri, alipata mlango wa kubisha ambao nyuma yake palikuwa na mwanamke mwenziwe.

Kiti na sauti

Pamoja na hayo, kupata kiti ni jambo moja na kusikilizwa ni jambo jingine. Anayetaka kujua kama baraza ni la uadilifu na atazame kwanza saa ya mkutano. Ukiitishwa wakati wa kupika au baada ya jua kuchwa, mama mwenye watoto wadogo ameshafungiwa nje bila mtu kutamka neno la kumkataza. Kisha atazame lugha. Ikiwa maelezo yanatolewa kwa Kiingereza na kufasiriwa kwa haraka mwishoni, asiyesoma atabaki kuitikia asichokielewa. Tena aulize kama mkutano wenyewe ndio unaoamua. Kuna mabaraza ambayo wazee huwa wamekwisha kukubaliana tangu jana yake, na kikao huwa ni cha kutangaza tu. Mwanamke aliyekaa hapo amewekwa kuhesabiwa, na jina lake huandikwa katika ripoti.

Wapo wanaosema, na hoja yao si ya kudharauliwa, kwamba viti vya kutengewa huleta watu wasio na uwezo na kuwavunjia hadhi wenye uwezo. Jawabu ni kutazama uwezo hupatikana wapi. Mzee hakuzaliwa akijua kusuluhisha ugomvi wa kisima. Alijifunza kwa kukaa barazani miaka mingi akiwasikiliza waliomtangulia. Asiyeruhusiwa kukaa hawezi kujifunza, na kisha kutojua kwake hufanywa sababu ya kumzuia tena. Kiti cha kutengewa huukata mzunguko huo. Mwaka 2017 watu wa Ijara, katika kaunti hiyo hiyo ya Garissa, walimchagua Sophia Abdi Noor kuwa mbunge wao katika kiti cha jimbo, kilichokuwa wazi kwa wanaume na wanawake. Alikuwa amewahi kuwa mbunge wa kuteuliwa, na wapiga kura walikuwa wameiona kazi yake.

Nusu ya mtu

Mgawanyo wa mwanamume na mwanamke hautoshi. Bloki inaweza kuchagua mwanamume na mwanamke, wote wawili wakatoka katika ukoo mmoja wenye watu wengi, na jirani wa ukoo mdogo akabaki bila msemaji.

Katika Dadaab wameishi kwa miaka mingi watu wanaoitwa Wabantu wa Kisomali. Hawa wana udugu na sisi wa mwambao kuliko wengi wetu wanavyofahamu. Mababu zao walitekwa katika karne ya 19 kutoka nchi ambazo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi, wakauzwa kwenda kulima katika bonde la mto Juba. Baadhi yao wamehifadhi Kizigua hadi leo, lugha ya Handeni na vitongoji vya Tanga. Ni Waislamu, wanaswali katika safu moja na jirani zao, lakini nje ya msikiti wamebaguliwa kwa asili yao na kwa nywele zao. Kambini wengi waliishi pembezoni, mahali palipokuwa karibu zaidi na majambazi. Ubaguzi huo ndio uliosababisha Marekani ikubali kuwapokea kama kundi, na mwaka 2002 wapatao 12,000 walihamishwa kutoka Dadaab hadi Kakuma kungojea safari. Wengine walirudi Tanzania, wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni, na baadaye uraia. Watu hao walipata salama kwa kuondoka. Baraza lililowapa nafasi lingeweza kuwapa salama hiyo pale pale walipokuwa.

Somalia yenyewe ilijaribu kulitatua jambo hili kwa hesabu. Katika mkutano wa amani wa Arta, Djibouti, mwaka 2000, viongozi walikubaliana juu ya mpango uliojulikana kama nne na nusu: koo nne kubwa zigawane viti sawasawa, na jamii nyingine zote ndogo, zikikusanywa pamoja, zipate nusu ya fungu la ukoo mmoja. Mpango huo ulisaidia kuwaketisha waliokuwa wakipigana. Lakini uliandika katika siasa ya nchi kwamba kuna raia kamili na raia wa nusu, na mtoto wa jamii ndogo akakua akijua kwamba kura yake imekwisha kupimwa kabla hajazaliwa.

Katika mkutano huo huo wanawake nao walikuta hawana nafasi, kwa kuwa wajumbe walikuja kwa mafungu ya koo, na koo hutuma wanaume. Mwanamke wa Kisomali mara nyingi huzaliwa katika ukoo mmoja na kuolewa katika mwingine. Ukoo wa baba humhesabu kuwa ni wa watu wengine, na ukoo wa mume humhesabu kuwa ni mgeni. Asha Haji Elmi na wenzake wakalijibu hilo kwa busara: wakatangaza kwamba kwa kuwa wajumbe wamekuja kwa makundi matano, wao wanawake ni Ukoo wa Sita, na wanadai kuketi kama ukoo. Wakaketi. Mwaka 2008 Asha alipewa Tuzo ya Right Livelihood kwa kazi yake ya amani.

Wajir walivyofanya

Tuna mfano mwingine wa karibu zaidi, katika ardhi ya Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo za Wajir zilikuwa katika mapigano makali. Wanawake walioalikwa katika arusi moja walianza kuzungumza juu ya hali hiyo, na miongoni mwao alikuwa Dekha Ibrahim Abdi. Hawakuanza na wanasiasa. Walianza sokoni, mahali ambapo riziki ya kila nyumba ilikuwa ikipatikana. Walikubaliana kwamba kila mwanamke, wa ukoo wowote, awe huru kuuza na kununua, wakaweka kamati ya kulisimamia hilo siku kwa siku.

Soko lilipotulia waliwaendea wazee. Wazee wa koo ndogo, ambazo hazikuwa na upande katika vita, wakaombwa kuwa wapatanishi. Vijana, wafanyabiashara na maofisa wa Serikali wakaingizwa kila kundi kwa nafasi yake. Mwaka 1993 wazee walifikia mapatano yaliyoitwa Azimio la Al-Fatah, na mwaka 1995 ikaundwa kamati ya amani na maendeleo ya wilaya iliyoyakusanya makundi hayo. Mfano wa Wajir ukaigwa katika wilaya nyingine za Kenya. Dekha alipewa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, na alifariki mwaka 2011 kutokana na ajali ya gari. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Linganisha mambo haya mawili. Kule Arta mtu wa ukoo mdogo alihesabiwa kuwa nusu. Wajir mtu wa ukoo mdogo alionekana kuwa ndiye afaaye kusimama katikati, kwa sababu hakuna mkubwa aliyemwogopa. Udogo wake ulikuwa sifa yenye manufaa kwa wote.

Waliofika jana, na wenye ardhi

Dagahaley ina makundi mengine ambayo baraza huyasahau kwa urahisi. La kwanza ni la wageni wapya. Mwaka 2011 waliofika kambi ikiwa imejaa walijenga vibanda nje ya mipaka yake, mahali palipoitwa Bulo Bacte, jina linalokumbusha mizoga iliyokuwa ikitupwa hapo. Ukame wa 2022 na 2023 ulileta tena makumi ya maelfu. Mgeni asiyeandikishwa hana kadi, na asiye na kadi aghalabu hahesabiwi katika uchaguzi wa bloki, ingawa ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya maji.

Kundi la pili ni la watu wenye ulemavu. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, inalenga kwamba angalau asilimia 5 ya wanaochaguliwa na kuteuliwa katika vyombo vya umma wawe watu wenye ulemavu. Kambini, kiti cha magurudumu hakiendi katika mchanga, na asiyefika kikaoni hasikiki.

La tatu ni la wenyeji, wafugaji wa Garissa ambao malisho na miti yao imepungua kwa zaidi ya miaka 30 ya ujirani na kambi. Mwenyeji huona magari ya misaada yakimpita kuelekea kambini, na mkimbizi huona kwamba mwenyeji ana kura ambayo yeye hana. Kila mmoja ana dai la haki. Machi 2025 Serikali ilizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi za Dadaab na Kakuma kuwa makazi ambamo wakimbizi na wenyeji watatumia shule, hospitali na masoko kwa pamoja. Ikiwa mpango huo utaamuliwa na upande mmoja, utazaa uadui. Ukiamuliwa na pande zote mbili, pamoja na wanawake na wachache wa kila upande, huenda ukazaa mji.

Mahakama nazo zimekwisha kuonyesha kwamba kuwasikiliza walioguswa na uamuzi si hisani. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba itaifunga Dadaab, Mahakama Kuu iliubatilisha uamuzi huo Februari 2017, ikisema uliwabagua wakimbizi wa Kisomali kama kundi na kwamba ulikwenda kinyume na haki ya kila mtu ya kutendewa uadilifu katika maamuzi ya kiutawala. Mwaka uliofuata, katika kesi ya bandari mpya ya Lamu, Mahakama hiyo iliona kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, ikaamuru wavuvi walipwe fidia ya zaidi ya shilingi bilioni 1.7.

Dini yetu inasemaje

Kwetu Waislamu, mashauriano ni ibada. Qurani ina sura nzima inayoitwa Ash-Shura, na katika aya yake ya 38 kushauriana kumetajwa pamoja na kusimamisha Swala na kutoa katika riziki. Sira nayo inatuonyesha namna ya kulitekeleza. Katika kiapo cha pili cha Aqaba, watu wa Madina walikuja wanaume 73 na wanawake wawili, Nusayba bint Ka'b na Asma bint Amr. Mtume Muhammad (S.A.W.) aliwataka wajichagulie wenyewe wasimamizi 12. Walitoka tisa katika Khazraj na watatu katika Aws. Aws walikuwa wachache, 11 tu katika wale wanaume kwa mapokezi ya sira, lakini hawakumezwa na wingi wa wenzao. Walipata hata zaidi kidogo ya hesabu yao.

Sura ya Al-Mujadila imepewa jina kwa sababu ya mwanamke, Khawla bint Tha'laba, aliyefikisha malalamiko ya ndoa yake, na Mwenyezi Mungu akamsikia. Sura ya Abasa iliteremshwa kuhusu kipofu, Abdullah ibn Umm Maktum, aliyekuja kutaka kufundishwa wakati wakubwa wa Makureshi walipokuwa wakizungumzishwa. Na huko Hudaybiyya, Masahaba walipozidiwa na huzuni, ushauri uliowakwamua ulitoka kwa Ummu Salama. Mwanamke mwenye malalamiko, asiyeona na mke mwenye busara wote walisikilizwa. Anayewafungia mlango watu wa namna hiyo leo hawezi kusema kwamba anaihifadhi dini.

Nyumbani kwetu

Tusidhani kuwa mambo haya yanaishia Garissa. Tutazame kamati za misikiti na madrasa zetu kutoka Vanga hadi Kiunga. Watoto wa madrasa ni wa kike na wa kiume, na michango mingi hutoka mikononi mwa akina mama, lakini ni kamati ngapi zina mama anayejua hesabu za fedha zilizokusanywa? Katika kamati ya wavuvi, je, mama karanga anayenunua na kukaanga samaki ana msemaji? Kamati ya basari ya wadi inapokaa, ni nani anayemsemea yatima wa familia iliyohamia mtaani mwaka jana? Na katika vikao vya Lamu, Mboni huulizwa lini juu ya msitu anaoujua kuliko sote?

Kuanza hakuhitaji sheria mpya. Kamati inaweza kukaa kati ya Adhuhuri na Alasiri badala ya usiku, na kutenga mahali pa staha kwa wanawake, ambapo watasikia na kusikika. Inaweza kutangaza ajenda siku chache kabla, kwa lugha ya mtaani, ili mambo yasiamuliwe kwenye kibaraza cha mtu mmoja. Inaweza kuwaacha wanawake, vijana na jamii ndogo wamchague msemaji wao wenyewe, kwa kuwa msemaji aliyeteuliwa na mwenyekiti humsemea mwenyekiti. Na iweke wanawake zaidi ya mmoja. Aliye peke yake kati ya wanaume kumi hulemewa, hali wawili au watatu huungana mkono.

Akina mama nao wana wajibu. Nafasi ikitolewa, isiachwe kwa haya. Anayekwenda kikaoni ayakusanye kwanza maneno ya majirani, hasa wale asiokwenda kwao kunywa chai, kisha arudi awaeleze kilichoamuliwa. Kura ikipigwa mtaani, tumtazame mtu kwa amana yake kabla ya kuuliza ni wa ukoo gani.

Mwezi huu kamati nyingi za madrasa zitakaa kupanga mwaka ujao. Mwenye mtoto huko na aende aulize kikao ni lini, na wajumbe ni akina nani. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaoshauriana kwa uadilifu, na awape amani ndugu zetu wa Dagahaley, wenyeji na wageni. Amin.